Feni zinazunguka, kioo kiko giza: namna ya kuitafuta picha kwenye kompyuta uliyoiunga mwenyewe

Wateja wanaonijia na kompyuta walizounga wenyewe huingia na sentensi moja: "Fundi, inawaka ila haileti picha." Nikiuliza wameshafanya nini, wengi wameshanunua kitu. Huyu kaongeza ram, yule kabadili kadi ya grafiki, mwingine kanunua monita mpya kabisa, na giza liko palepale. Hapa Kariakoo kununua ni rahisi, kurudisha ndiyo kazi. Boksi likishafunguliwa na kifaa kikachomekwa, muuzaji anakuwa mzito wa kusikia. Kwa hiyo sharti langu kabla ya yote ni hili: pochi ibaki imefungwa mpaka ujue mashine imekwamia wapi.

Na kujua kunawezekana, maana mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, haikurupuki. Ukibonyeza swichi inafuata mpangilio uleule siku zote: inapokea umeme, inaamsha prosesa, inaijaribu ram, inaamsha kadi ya grafiki, ndipo picha inatoka. Diski na Windows huja baada ya hapo. Mtu akiniambia "labda kwa sababu sijaweka Windows", namwambia aichomoe diski kabisa kisha awashe. Mashine nzima isiyo na diski bado itakuonesha nembo ya mtengenezaji au ukurasa wa BIOS, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine. Giza tupu maana yake kuna hatua ya kabla ya diski ambayo haijapita.

Na feni? Feni na taa za rangi hazithibitishi lolote. Zinakula umeme mara pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, inapofunguka, wala hazisubiri prosesa iamke. Nimeona kasha linalometameta kama ukumbi wa harusi huku waya wa prosesa umelala chini haujachomekwa.

Kabla hujashika bisibisi

Anza na monita. Kuna monita inayoandika kwamba haipati mawimbi, na kuna isiyoandika chochote. Ya kwanza ni nzima, inalalamika tu kuwa hakuna kinachoingia. Ya pili huenda yenyewe ndiyo mgonjwa, au adapta yake haijakaa vizuri. Kipimo cha nyumbani ni king'amuzi: chomoa kebo ya HDMI kwenye kompyuta, ichomeke kwenye king'amuzi, uone kama taarifa ya habari inatokea. Ikitokea, umeshathibitisha monita na kebo kwa mpigo mmoja bila kutoa senti. Monita zenye milango kadhaa, hasa hizi za mtumba zilizotoka maofisini, si kila mara zinahama zenyewe kutoka VGA kwenda DisplayPort. Bonyeza kitufe cha menyu uchague mlango kwa mkono.

Halafu zunguka nyuma ya kasha. Ukiwa na kadi ya grafiki, kebo inachomekwa kwenye kadi, ile milango ya chini, si ile ya juu iliyo karibu na milango ya USB. Naandika hili bila kumcheka mtu, kwa sababu mlango wa HDMI wa juu ndio unaoonekana kwanza na ndio ulio rahisi kuufikia.

Upande wa pili wa jambo hilohilo: huna kadi ya grafiki, umechomeka kwenye mazabodi, na bado giza. Soma jina la prosesa yako mpaka herufi ya mwisho. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama i3-12100F au i5-12400F, inamaanisha prosesa haina grafiki ndani yake. Milango ya picha kwenye mazabodi ipo, lakini hakuna wa kuilisha. Kwa AMD za soketi ya AM4 (soketi ni tundu la mazabodi ambamo prosesa hukaa) mambo yamegeuka: zenye grafiki ni zile zenye herufi G, kama Ryzen 5 5600G. Ryzen 5 5600 haina, 3600 haina, na 5500 pia haina. Kwenye AM5, Ryzen 7000 nyingi zinayo grafiki ndogo, isipokuwa zenye F kama 7500F. Bei ya hizi zisizo na grafiki huwa nzuri, ndiyo maana zinanunuliwa na watu wanaodhani wataongeza kadi mwezi ujao. Mashine hiyo haina ubovu wowote, ila haitaonesha kitu mpaka kadi ipatikane. Azima yoyote kwa rafiki, hata ndogo, uithibitishe kwanza.

Kuna mtego mwingine kwenye kebo. Ile yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili kwa kawaida hupitisha picha kwenda njia moja tu, kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita au televisheni. Ukiigeuza, HDMI kwenye kompyuta na DisplayPort kwenye monita, hupati kitu, na kebo haina kosa. Vivyo hivyo kutoka HDMI kwenda VGA unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hautoshi.

Na la mwisho kabla ya kufungua: je, umesubiri? Mashine zenye ram ya aina ya DDR5, hasa za AM5, zikiwashwa mara ya kwanza hukaa zinaijaribu ram kwa dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi na taa ya DRAM, yaani ya ram kwenye mazabodi, ikiwaka. Mtu asiyejua anazima, anawasha, anazima tena, na kila mara inaanza upya. Iache robo saa. Kanywe chai.

Taa nne kwenye kona

Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa ndogo nne pembeni, mara nyingi upande wa kulia karibu na sloti za ram, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. MSI wanaziita EZ Debug, ASUS wanaziita Q-LED. Ukiwasha mashine zinawaka na kuzimika moja baada ya nyingine kadiri hatua zinavyopita. Itakayobaki inawaka ndiyo iliyokukwamisha. Hakuna kifaa cha kupimia kinachokupa habari nyingi hivyo bure, na watu wengi hawajawahi kuzitazama kwa sababu zimefichwa na taa za mapambo. Zima taa za chumba, au funika feni kwa kitambaa, uzione. BOOT ikibaki inawaka, hatua za mwanzo zimeshapita, na tatizo la picha liko kwenye kebo, mlango au monita.

Mazabodi za bei ya chini hazina taa hizo. Basi tafuta spika ndogo yenye waya mfupi, ichomeke kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER, usikilize milio. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo fungua kitabu cha mazabodi yako, usitumie jedwali la mashine nyingine. Huna spika? Chomeka kibodi ya waya na ubonyeze Num Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine imeamka na huenda imefika mbali, inakosa picha tu, hivyo rudi kwenye kadi, kebo na monita. Isipojibu, kuna jambo limekwama mapema zaidi.

Waya unaosahaulika

Zima swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki umalizike. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Sasa fungua.

Mazabodi inataka plagi mbili. Ile pana ya pini 24 kila mtu anaiona. Ya pili ina pini 8 na iko kwenye kona ya juu, kushoto, nyuma ya kipoozeo, pamebana kiasi kwamba ukishafunga mazabodi mkono haufiki. Hiyo ndiyo inayoilisha prosesa. Bila yake feni zinazunguka vizuri kabisa na prosesa imekufa.

Plagi ya prosesa hugawanyika nne kwa nne. Ya kadi ya grafiki hugawanyika sita kwa mbili. Kwa mbali zinafanana, lakini mpangilio wa umeme ndani umegeuzana, na pembe za pini zimekatwa tofauti ili zisiingiliane. Ukiona unatumia nguvu, umeshika siyo yenyewe.

Hapa nitaongea kwa ukali kidogo. Kama pawasaplai yako ni ya waya za kuchomoa, usitumie hata waya mmoja wa pawasaplai nyingine, hata kama unaingia bila shida. Upande wa mazabodi una kiwango kimoja kwa wote, ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za mtengenezaji mmoja hazifanani. Waya uliopangwa vingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski ngapi zimeungua hivyo, na mwenye nazo anaapa kwamba "waya umeingia vizuri tu".

Kadi ya grafiki nayo ina njaa yake. Sloti inampa wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi yenye tundu la plagi ni lazima ichomekwe, hakuna kujaribu kwanza bila. Zile mpya zenye plagi ndogo ya pini 16 zisukume mpaka mwisho kabisa pasibaki mwanya.

Ram

Taa ya DRAM ikibaki inawaka, furahi, maana mara nyingi dawa yake haina gharama.

Toa ram zote, ubaki na kijiti kimoja. Kwenye mazabodi ya sloti nne, kiweke sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ile inayoandikwa A2. Mazabodi nyingi zinataka kijiti kimoja kikae hapo, na viwili vikae A2 na B2, yaani ya pili na ya nne. Bonyeza pande zote mbili mpaka usikie kikofi cha klipu. Ram mpya na sloti mpya ni ngumu. Vidole vitauma kidogo, na wanaoogopa kuivunja ndio wanaoiacha imekaa nusu. Sloti nyingine zina klipu upande mmoja tu, hivyo upande usio na klipu ndio unaodanganya: tazama kwa tochi uone kama mstari wa dhahabu umezama sawasawa.

Washa. Ikikataa, badilisha kijiti. Ikikataa tena, badilisha sloti. Ukifika mahali kijiti kimoja kinakubali na kingine kinakataa kwenye sloti ileile, umeshampata mhalifu na unaweza kurudi dukani ukiwa na la kusema.

Ram za mtumba za hapa pwani zina ugonjwa wao. Unyevu na chumvi ya bahari hukaa kwenye meno ya dhahabu, yanafifia, na mguso unakuwa hafifu. Sugua meno hayo taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa vumbi la kifutio kwa kitambaa chenye spiriti kali isiyo na mafuta, acha ikauke. Ram nyingi nilizoletewa zikiitwa mbovu zimeondoka hapa zikifanya kazi baada ya kifutio. Fanya hivyohivyo kwa meno ya kadi ya grafiki ya mtumba.

DDR4 na DDR5 hazibadilishani, pengo la katikati limewekwa pengine. Angalizo kwa wenye mazabodi za H610 au B660: modeli hizo zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na mara nyingi tofauti kwenye jina ni herufi chache tu mwishoni.

Prosesa mpya, mazabodi iliyokaa dukani

Hili ndilo linalowatesa watu waliofanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo nitakaa nalo.

Alikuja kijana wa Sinza na mazabodi ya H610, prosesa ya i5-13400F, ram safi, kadi nzuri. Waya zake zimepangwa kuliko ninavyopanga mimi. Taa ya CPU inawaka, haiondoki. Alikuwa anataka nimthibitishie kuwa prosesa imekufa. Haikuwa imekufa. Mazabodi za H610, B660 na Z690 zilitoka pamoja na kizazi cha 12 cha Intel. Kizazi cha 13 kilikuja mwishoni mwa 2022, cha 14 mwaka 2023, vyote kwa soketi ileile ya LGA1700. Prosesa inaingia, inakaa, inafungwa, lakini BIOS iliyoandikwa kabla yake haimjui huyu ni nani, na haiendelei. Mazabodi yake ilikuwa imetoka kiwandani mapema ikalala stoo.

AMD wana hadithi hiyohiyo. Mazabodi za B450 zilitoka 2018, prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka mwishoni mwa 2020. Zinakubaliana vizuri, ila kwa BIOS mpya. Na kuna nyingine inayouma zaidi: Ryzen 5 3400G juu ya B550. Jina lina 3000, lakini ndani yake ni kizazi cha nyuma, na B550 haikuwekewa kuipokea rasmi. Hapo hata BIOS mpya si ya kuitegemea.

Namna ya kujua: ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta mazabodi yako kwa jina kamili pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa pameandikwa toleo la BIOS inaloanzia. Kisha tafuta kikaratasi kwenye boksi au kwenye chipu ya BIOS, mara nyingi kina namba ya toleo lililotoka nalo kiwandani. Namba yako ikiwa ndogo, jibu umelipata.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kitufe cha nyuma cha kuandikia BIOS bila kuhitaji prosesa kufanya kazi. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte wanakiita Q-Flash Plus. Chukua flashi ndogo, iwe imefomatiwa FAT32, weka humo faili la BIOS la mazabodi hiyohiyo, ulibadili jina kama mtengenezaji anavyotaka. MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ASUS wanaweka ndani ya furushi kiprogramu cha kubadili jina. Chomeka plagi ya pini 24 na ile ya prosesa, chomeka flashi kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, sio wowote, kisha bonyeza kitufe mpaka taa ianze kupepesa. Iache. Huchukua dakika kadhaa, na taa ikiacha kupepesa imemaliza. Taa ikizimika baada ya sekunde chache tu, au ikibaki imeganda, haikulisoma faili: angalia jina, angalia FAT32, jaribu flashi nyingine ya zamani yenye ujazo mdogo. Umeme wa kwetu unavyojulikana, kazi hii ifanyike juu ya UPS, na kama mtaani kuna mgao, subiri saa zenu zipite.

Ya pili ni kuazima prosesa. H610 nyingi za bei nafuu hazina kitufe hicho. Hapo unahitaji prosesa ya kizazi ambacho BIOS ya zamani inakijua, mfano i3-12100, uiweke kwa muda, uingie BIOS, usasishe kwa flashi, kisha urudishe ya kwako. Mafundi wanaofanya kazi hii kila siku huwa nayo moja kwenye droo kwa ajili ya hilo tu. Ulizia kabla ya kubeba mashine. Yule wa Sinza alisubiri hapa dukani, akaondoka na prosesa yake "iliyokufa" ikiwa hai.

Toa kila kitu nje

Taa hazisemi, ram umezijaribu, BIOS si tatizo. Sasa itoe mazabodi kwenye kasha uiweke juu ya boksi lake la karatasi. Juu ya boksi, siyo juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa, ambao ngozi yake ya nje inaweza kupitisha umeme. Iachie vitu vitano: prosesa, kipoozeo na feni yake, kijiti kimoja cha ram, pawasaplai, na kadi ya grafiki kama prosesa haina picha. Hakuna diski, hakuna USB za mbele, hakuna taa. Washa kwa kugusanisha pini mbili za PWR_SW kwa ncha ya bisibisi, gusa mara moja uachie.

Picha ikija, vifaa vyako ni vizima na kasha ndilo linalokuchezea. Tazama viguu vya shaba ambavyo mazabodi hukalia. Kila kiguu lazima kiwe na tundu lake la skrubu juu yake, na kiguu kimoja kilichobaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa mazabodi na kupiga shoti. Tazama lile bati la nyuma la milango, vijilimi vyake hupenda kuingia ndani ya mlango wa USB au HDMI. Tazama plagi ya USB ya mbele, pini zake zisiwe zimelala. Na swichi ya kasha yenyewe, maana kuna zinazokwama zikiwa zimebonyea, mashine inawaka inazima. Rudisha kimoja kimoja, ukiwasha kila baada ya kimoja. Inachosha, najua. Lakini ukirudisha vyote kwa pamoja giza likarudi, umerudi mwanzo.

Picha isipokuja hata hapo, futa CMOS, yaani mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa. Umeme ukiwa umechomolewa, toa ile betri bapa ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Au gusanisha pini zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1 kama kitabu kinavyoelekeza. Mazabodi za mtumba zinahitaji hili kuliko mpya, kwa sababu zinakuja na mipangilio ya mwenyewe wa kwanza. Kadi za zamani nazo zina neno hapa: nyingi za akina GeForce 210 zilitengenezwa kabla ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa, kuenea, na mazabodi mpya ambayo CSM, mpangilio wa kukubali vifaa vya zamani, imezimwa haitaionesha picha yake. Jaribu kadi ya karibuni kabla hujaitupa ya zamani au kuilaumu mazabodi.

Kisha toa prosesa. Kwenye soketi za Intel na AM5 pini ziko kwenye mazabodi, nyembamba kuliko unywele. Usiziguse, mulika tochi kwa ubavu, piga picha kwa simu na uivute. Pini zote zinatakiwa kung'aa kwa mpangilio mmoja, na iliyolala itaonekana kama doa linalovunja mstari. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na hizo zinanyooshwa kwa urahisi zaidi, kwa kalamu ya risasi ya kubonyeza iliyotolewa risasi. Za LGA, yaani zile zilizo kwenye mazabodi, mpelekee mtu mwenye hadubini na mkono uliotulia. Prosesa ya AM4 ikigoma kuachana na kipoozeo, usivute kwenda juu, zungusha kipoozeo kushoto na kulia taratibu kwanza.

Pawasaplai

Kipimo cha klipu ya karatasi, yaani kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya 24, kinakuambia tu kwamba inafunguka. Hakikuambii kama inabeba mzigo. Mwenye multimita apime mashine ikiwa inajaribu kuwaka: volti 12 isiwe chini ya 11.4 wala juu ya 12.6, volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo kila unapowasha, azima nyingine. Zile zilizoandikwa wati 500 huku ni nyepesi kama boksi tupu siziamini kwa kadi yoyote yenye plagi. Za zamani zenye kiswichi chekundu nyuma kiwe kwenye 230, kwa umeme wetu 115 inailipua. Na usiifungue. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ukiamua kuleta kwa fundi, lete na historia. Wateja wapya huniuliza "fundi yuko wapi?" huku nimeshika bisibisi, kisha wakishakubali kuwa ni mimi, wananificha nusu ya waliyoyafanya. Mficha uchi hazai. Kama prosesa ilidondoka, sema. Kama uliwasha kabla kipoozeo hakijafungwa, sema, huenda nikakupunguzia saa nzima ya kazi na bei yake.

Picha ikishakuja usikimbilie Windows. Ingia BIOS, hakikisha ram yote imehesabiwa na joto la prosesa halipandi mfululizo ukiwa umekaa tu hapo. Likipanda, kipoozeo hakijakaa, au ile nailoni ya chini yake haijabanduliwa. Uwashe XMP au EXPO, mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya ram, baada ya mashine kukaa sawa kwa mipangilio ya kawaida, siyo kabla. Giza likirudi mara tu ulipoiwasha, ram haiwezi kasi hiyo kwenye mazabodi yako: futa CMOS, ingia tena, chagua kasi ya chini yake.